Sauti ya Juu ya Don Rich

Karibuni, ndugu zangu, na asanteni kwa kuja na mvua hii.

Wengi wetu tuliokua na redio hapa Kenya tuliujua muziki wa kantri wa Marekani kupitia kwa mwimbaji Jim Reeves. Mama alikuwa akimsikiliza Jumamosi jioni huku akipiga pasi nguo za kanisani: sauti laini, vinanda vinavyopita kwa mbali, waitikiaji kama wananong'ona. Naupenda muziki ule hadi leo. Lakini huo ni mtindo wa Nashville, mji wa Tennessee ulio makao ya kantri, na leo nimewaletea bendi ya upande wa pili wa Marekani: Buckaroos, bendi ya Buck Owens wa Bakersfield.

Bakersfield ni mji wa mashamba na visima vya mafuta, California. Miaka ya 1930, ukame na dhoruba za vumbi viliwang'oa wakulima wa Oklahoma, Texas na Arkansas, wakahamia huko kuchuma pamba na matunda. Fidla na nyimbo zao walikwenda nazo. Baadaye vilabu vya mji vikajaa watu waliotoka kazini wakitaka kucheza, na penye miguu inayokanyaga sakafu namna hiyo, muziki wa kunong'ona hausikiki. Gitaa la umeme likanolewa mpaka likakata. Buck Owens, mzaliwa wa Texas, mwaka 1929, alipiga miaka mingi katika kimojawapo cha vilabu hivyo, Blackboard, kabla nchi haijamjua.

Tarehe 25 Machi 1966 aliingia na Buckaroos wake katika ukumbi wa Carnegie, New York, na albamu ya usiku ule ndiyo hii. Wako watano tu. Doyle Holly yuko kwenye besi, Willie Cantu kwenye ngoma. Tom Brumley ameketi nyuma ya gitaa lililolazwa kama meza: mkono mmoja unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, miguu inakanyaga pedali, na noti inapinda taratibu kama mtu anayejizuia kulia. Nyie mliozoea muziki wa dansi, masikio yenu yanajua gitaa linaposema. Hili nalo linasema.

Ila mimi hurudi kwa Don Rich. Alianza na fidla, kisha akashika gitaa la solo, na ndiye anayeimba na Buck. Wanakwaya mliomo humu mtanielewa: Don anapanda na teno juu kabisa, lakini hamfuniki mwenzake. Buck akivuta neno, naye analivuta. Akilikata, limekatika kwa wote wawili, pumzi ile ile. Kwangu mimi hapo ndipo utamu wa albamu nzima ulipo, na hata gitaa la Buck mwenyewe, aliye maarufu kuliko wote, silitamani kama ninavyoitamani sauti hiyo.

Don alifariki katika ajali ya pikipiki Julai 1974, akiwa na miaka 32. Buck aliishi hadi 2006, na nyimbo zile aliendelea kuziimba. Mimi nikizisikia za baadaye, sikio linasubiri mtu aingie.

Fundi, tuwekee ule wa polepole, Together Again. Zima feni kidogo. Mara ya kwanza mfuateni Buck, kisha tutaurudia, na safari hiyo mumwache Buck aende zake, mshike ile sauti ya juu tu.