Wanane Waliolala Darini: Kina Goldman na Majirani Zao wa Markowa

Wazee wangu, mabibi na mabwana,

Nawashukuru kwa kuja. Wengi wenu mlilisikia jina la Ulma tarehe 10 Septemba 2023, siku ambayo Józef na Wiktoria Ulma pamoja na watoto wao saba, mmoja wao akiwa bado tumboni mwa mama yake walipokamatwa, walitangazwa wenyeheri na Kanisa Katoliki kijijini kwao Markowa, kusini-mashariki mwa Poland, walikouawa na polisi wa Wanazi wa Ujerumani mwaka 1944 kwa kuwaficha Wayahudi. Picha zao zilisambaa katika simu zetu, na heshima hiyo walistahili. Lakini nakiri kwamba siku ile nilikaa nikingoja kusikia majina ya watu wengine wanane waliouawa katika nyumba ileile, asubuhi ileile, ambao ndio waliotangulia kupigwa risasi, na kila mara nilichosikia ni maneno matatu tu: Wayahudi waliokuwa wamefichwa. Nimekuja kuwazungumzia hao.

Alikuwapo Saul Goldman, mfanyabiashara ya ng'ombe kutoka mji wa Łańcut ulio jirani na kijiji hicho. Walikuwapo wanawe wanne, Baruch, Mechel, Joachim na Mojżesz. Na walikuwapo mabinti wawili wa Chaim Goldman wa palepale Markowa: Gołda Grünfeld na dada yake Lea Didner, aliyekuja na mtoto wake mdogo wa kike, Reszla. Saul na wanawe watu waliwaita kina Szall, kwa kulifuata jina la baba, kama sisi tunavyosema kina fulani pasipo kuuliza jina lililoandikwa katika cheti. Jina la namna hiyo hupewi na serikali. Unapewa na watu wanaokuona kila siku sokoni na barabarani.

Kabla ya vita Markowa ilikuwa na wakazi wapatao 4,500, na miongoni mwao Wayahudi wapatao 120. Walifanya biashara, walilima, watoto wao walikwenda shule pamoja na watoto wa Wakatoliki. Wanazi walipoitwaa Poland mwaka 1939 walianza kuwatenga, na kuanzia Oktoba 1941 amri ya utawala wao ikaweka adhabu ya kifo kwa Myahudi atakayetoka katika eneo alilopangiwa, na vilevile kwa yeyote atakayempa hifadhi. Mwaka 1942 ndio uliowamaliza Wayahudi wa sehemu zile. Wengi walipelekwa kuuawa makambini. Waliobaki nyuma walisakwa, na pale Markowa waliokamatwa walipigwa risasi mahali ambapo zamani wanakijiji walikuwa wakifukia mizoga ya wanyama.

Hapa nawaomba tusimame kidogo, kwa sababu neno jirani linatamkwa kwa urahisi mno katika habari hizi. Katika msako wa Desemba 1942 waliokwenda kuwatafuta Wayahudi waliojificha mashambani walikuwamo wanakijiji wenyewe, wakitekeleza amri ya Wajerumani, wengine kwa hofu na wengine kwa hiari yao. Nawaambia jambo hili kwa sababu anayeisimulia Markowa kana kwamba kila mlango ulikuwa wazi anawaonea wale wachache waliofungua kweli.

Józef Ulma alikuwa mmoja wao. Alikuwa mkulima wa matunda na mboga, mfugaji wa nyuki, mpiga picha wa kijiji, mtu wa vitabu na majaribio, ambaye nyumbani kwake aliwasha taa ya umeme kwa nguvu ya upepo kijiji kingine chote kikiwa gizani. Katika Biblia yao imekutwa sehemu ya Msamaria Mwema imepigiwa mstari kwa rangi nyekundu, na pembeni limeandikwa neno moja la Kipoland lenye maana ya “ndiyo”. Nyumba ilikuwa ndogo, pembeni mwa kijiji, yenye watoto sita wadogo. Humo ndimo walimoingia watu wanane, wakawa wanalala darini. Mchana walisaidia kazi, hasa ya kusindika ngozi, na hivyo ndivyo nyumba nzima ilivyopata riziki. Nikiwafikiria, huwafikiria zaidi wakiwa kazini kuliko mafichoni: Saul na vijana wake, mikono ikinuka ngozi mbichi, wakiwa wameketi karibu na mwenyeji aliyejua kwamba anayevuta harufu hiyo njiani anaweza kuuliza maswali.

Kabla ya hapo, kina Szall walikuwa wamemtegemea mtu mwingine. Włodzimierz Leś, polisi wa Łańcut aliyetumikia utawala wa Wanazi, alipokea mali yao ili awasaidie, kisha akawafukuza na mali akabaki nayo. Walipoidai, walikuwa wamekuwa hatari kwake. Wanahistoria wanamtaja yeye kuwa ndiye aliyewachongea, na mwezi Septemba mwaka 1944 wapiganaji wa siri wa Poland walimpiga risasi wakamwua. Basi ukoo huu haukupotea kwa amri za Berlin peke yake. Ulipotea pia kwa sababu ya mtu aliyewajua, aliyekaa na vitu vyao nyumbani mwake.

Tarehe 24 Machi 1944, kabla ya mapambazuko, askari polisi wa Kijerumani wakiongozwa na Eilert Dieken walifika pamoja na polisi wa Kipoland. Waliokuwa darini walianza kuuawa wakiwa usingizini: ndugu wawili miongoni mwa kina Szall, na Gołda. Kisha wakafuata wengine, Reszla akiwa mmoja wao. Baada yao walitolewa nje Józef na Wiktoria, na mwisho watoto. Wanakijiji walioamriwa kuendesha mikokoteni ya farasi walilazimishwa kutazama, na ni kutoka kwao tunaijua saa ile. Mmoja wa waliouawa, Gołda, alikutwa na vitu vya thamani alivyovificha kifuani; mmoja wa askari polisi hao, Josef Kokott, alivichukua. Mikokoteni ile ikarudi Łańcut ikiwa imejaa vitu vya nyumba. Baada ya vita Dieken alirudi kwao Ujerumani akaendelea na kazi ya upolisi, na hakuwahi kufikishwa mahakamani kabla hajafa mwaka 1960.

Mtu angedhani kwamba baada ya asubuhi ile kila aliyekuwa na Myahudi nyumbani Markowa angemtoa usiku huohuo. Haikuwa hivyo. Antoni na Dorota Szylar waliendelea kuwaficha watu saba wa familia ya Weltz, Józef na Julia Bar wakawaficha watano wa familia ya Riesenbach, na hao wote waliiona amani. Majirani hao walikuwa wameisikia milio ya risasi, au habari zake saa chache baadaye, na jioni wakapanda tena na chakula.

Siku chache baada ya mauaji wanaume kadhaa wa kijiji walikwenda usiku, kinyume cha amri, wakaifukua miili ya kina Ulma na kuitia katika majeneza. Wageni wao walibaki katika shimo lao hadi mwaka 1947, walipohamishiwa makaburi ya wahanga wa ufashisti huko Jagiełła-Niechciałki. Hivyo waliokula chungu kimoja wamelala mbalimbali.

Kimebaki kitu kimoja kinachowaunganisha. Miongoni mwa picha alizoziacha Józef ipo inayoonyesha wanawake wa Kiyahudi, na siku ile ilikuwa mezani, chini ya dari. Damu ya waliolala juu ilipenya mbao ikaidondokea. Imehifadhiwa hadi leo, na madoa yake bado yanaonekana.