Mtu Mmoja na Mabehewa 72

Ndugu zangu, nianze na mteremko.

Usiku wa Julai 5, 2013, dereva mmoja alisimamisha treni ya mizigo kwenye njia kuu huko Nantes, jimbo la Quebec, Kanada. Alikuwa akivuta mabehewa 72 ya mafuta ghafi. Zamu ilikuwa imekwisha. Akafunga breki za mkono saba, akaacha injini ya mbele ikinguruma ili breki za upepo zisiishiwe nguvu, akachukua teksi kwenda kulala hotelini. Peke yake. Na hakuvunja kanuni kwa kuwa peke yake: kampuni ilikuwa imekubaliwa kuendesha treni zake kwa mtu mmoja.

Kabla kidogo ya saa sita usiku, injini ile ikashika moto. Zimamoto wakaja, wakauzima, na mtambo ukazimwa pia. Kampuni ilimtuma msimamizi wa njia ya reli, mtu wa mataruma na kokoto, ambaye mambo ya injini hayakuwa fani yake. Watu wakaondoka. Upepo wa breki ukawa unavuja taratibu. Kufika kama saa saba usiku treni ikaanza kuteremka yenyewe, ikakimbia kilomita 11 hivi bila mtu ndani, ikaingia katikati ya mji wa Lac-Mégantic kwa kasi iliyozidi kilomita 100 kwa saa. Watu 47 walikufa.

Nawaomba tukae kidogo na hizi breki saba. Breki ya mkono ni gurudumu la chuma: unapanda, unalizungusha mpaka mnyororo ukaze, unashuka, unaenda behewa la pili, unaanza upya. Ukimaliza, lazima ujaribu. Unafungulia breki za upepo, kisha unaisukuma treni kwa injini, uone kama breki za mkono peke yake zinaishika. Usiku ule jaribio lilifanyika huku breki za upepo za injini zikiwa bado zimefungwa, kwa hiyo treni ilionekana imetulia. Bodi ya uchunguzi ya Kanada ilikadiria kwamba zilihitajika breki zisizopungua 17, na huenda hata 26. Fikirini mtu mmoja, mwisho wa zamu, giza, breki 26.

Lazima niseme kweli hapa. Bodi ilitaja mambo 18 yaliyochangia ajali, na haikufikia uamuzi kwamba kuwa na mtu mmoja ndiko kulikoleta msiba. Ninachosema mimi ni hiki: mkono mmoja ulipoondolewa, kazi yake haikuondoka. Ilihamia kwa yule aliyebaki. Wiki chache baadaye serikali ya Kanada iliamuru treni za shehena hatari ziwe na watu wasiopungua wawili, na zisiachwe bila mtu kwenye njia kuu. Dereva yule na wenzake wawili walishtakiwa. Mahakama ikawaachia huru Januari 2018.

Wazee wa reli waliopo hapa wanamkumbuka gadi, mfanyakazi aliyekaa na taa yake kwenye behewa la mwisho. Amerika Kaskazini nako alikuwepo. Miaka ya 1980 kanuni zilibadilika na behewa lake likaanza kuondolewa. Mahali pake pakafungwa kifaa kinachotuma kwa redio kipimo cha upepo wa breki. Timu iliyokuwa ya watu wanne au watano ikashuka mpaka wawili, dereva na kondakta. Kifaa kile kinafanya kazi yake vizuri, sikikatai. Ila hakisikii harufu ya bearingi inayoungua, wala hakishuki kutembea.

Sasa twende Marekani, kwenye usingizi. Sheria ya mwaka 1907 iliweka kikomo cha saa 16 kazini. Leo ni saa 12, na tangu sheria ya 2008 mfanyakazi lazima apate saa 10 za mapumziko bila kusumbuliwa. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini wengi wa treni za mizigo hawana ratiba, wana simu. Ikilia, una kama saa moja na nusu au mbili uwe umefika. Mtu anaamka saa kumi na mbili asubuhi akiwa ameshapumzika, anashinda nyumbani akingoja, watoto wanatoka shule wanamkuta, na simu inalia saa nne usiku. Saa ya sheria inaanza kuhesabu anaporipoti kazini. Mwili wake umeanza kuhesabu tangu asubuhi. Kwangu mimi, hili ndilo jeraha kubwa la kazi hii.

Mwaka 2022 ghadhabu ya wafanyakazi wa reli ilikaribia kuzaa mgomo. Bunge la Marekani likaulazimisha mkataba: nyongeza ya mshahara ya asilimia 24 kwa miaka mitano. Pendekezo la siku saba za ugonjwa zenye malipo lilipata kura 52 dhidi ya 43 katika Seneti, likaanguka, kwa sababu zilitakiwa 60. Walichokuwa wanadai ni ruhusa ya kuugua. Mwaka uliofuata kampuni kadhaa zilikubaliana na vyama kuhusu siku hizo.

Kanuni ya watu wawili ilipendekezwa huko mwaka 2016, ikaondolewa 2019, ikapitishwa Aprili 2024, pamoja na misamaha yake. Wapo wanaouliza huyo wa pili anafanya nini. Treni nyingine siku hizi huzidi kilomita mbili. Breki ikikatika usiku, kondakta anachukua taa na redio, anashuka kwenye kokoto, anatembea kando ya mabehewa moja moja, mvua au theluji, mpaka apate bomba lililopasuka, huku dereva akibaki ndani ameshika breki na kusikiliza sauti yake redioni.