Kibuyu na Kapasita

Mbukwenyi! Asanteni. Nianze na kibuyu. Wote mnakijua: chini kipana, juu kimebana. Ukitaka kujua kimebeba maji kiasi gani, hupimi upana wa pale maji yalipofikia ukazidisha kwa kina. Unajumlisha tabaka kwa tabaka kutoka kitakoni.

Kapasita ni kifaa cha kielektroniki kinachotunza chaji ya umeme. Zile za kauri, hizi ndogo kama punje ya mtama, nyingi zina tabia ya kibuyu: maji ni chaji, kina ni volti, na upana ni thamani ya kapasita, yaani chaji inayoongezeka kwa kila volti. Volti ikipanda, thamani inashuka. Na herufi X7R, alama ya aina ya kauri, zisiwahadae: zinaahidi kwamba kati ya nyuzi joto -55 na 125 za Selsiasi thamani haitayumba zaidi ya asilimia 15. Kuhusu volti zimenyamaza.

Nilipokuwa nabuni kidhibiti cha pampu ya sola, huku kwetu mvua ni za kubahatisha, niliiambia programu ya kuigiza saketi kwenye kompyuta kuwa chaji ni thamani ya sasa mara volti. Hebu tuone ubaoni, kwa namba za mfano tu. Kapasita ina maikrofaradi 10 kwenye volti sifuri, inashuka kwa mstari mnyoofu hadi sifuri kwenye volti 50. Kwenye volti 25 zimebaki 5. Tano mara 25: maikrokulombi 125. Sasa jumlisha kwa tabaka. Wastani wa 10 na 5 ni 7.5, mara 25: 187.5. Theluthi ya chaji nimeimwaga mwenyewe!

Kibaya zaidi, kwa fomula yangu chaji inafika kileleni kwenye volti 25 hizohizo, kisha inaanza kupungua huku volti ikiongezeka. Programu ikaona kapasita yenye thamani hasi, ikakwama. Siku mbili nzima nailaumu programu, masikini.

Kwenye LTspice, ndiyo programu yenyewe, Q ikiwa chaji, u ikiwa maikro na x ikiwa volti ya kapasita, nilipaswa kuandika hivi tu:

Q=10u*x-0.1u*x*x

Ila msivuke volti 50, maana huko hata fomula hii inageuka.

Naam, dada pale nyuma? Anauliza kwa nini tusiandike mkondo moja kwa moja, thamani mara kasi ya volti. Swali zuri. Kwenye karatasi uko sahihi kabisa. Lakini kompyuta inaruka kwa hatua, na thamani inabadilika katikati ya hatua. Kila mzunguko wa volti kupanda na kushuka, chaji kidogo inadokolewa au inazidi. Ukiipa chaji yenyewe, volti ikirudi ilipoanza, chaji nayo inarudi palepale.