Kujenga Barabara ya Mgodi wa Makaa ya Mawe, na Namna ya Kuiondoa

Karibuni watazamaji. Leo tunajenga barabara ya kuingilia mgodi wa makaa ya mawe, kisha tunaiondoa. Nimeziweka kazi hizo mbili kwenye video moja kwa makusudi. Mara nyingi anayejenga si yeye atakayefukua, na anayekuja kufukua hukuta udongo wenye rutuba ulishafunikwa na kifusi zamani. Barabara hii ni ya muda, kwa hiyo kila tunachofanya leo tutakiuliza: hiki kitatokaje?

Kabla hujawasha mashine yoyote, tembea njia nzima kwa miguu, ikiwezekana mara tu baada ya mvua. Unachotafuta ni maji: yanatoka wapi, yanaelekea wapi, na ni wapi buti linadidimia. Fuata mgongo wa kilima kadiri unavyoweza na ukae mbali na vijito. Ikibidi kuvuka kijito, vuka mara moja tu, ukikikata moja kwa moja, juu ya daraja au kalavati, yaani bomba kubwa la kupitisha maji chini ya barabara. Malori yasikanyage maji. Mwinuko ubaki asilimia 8, yaani kupanda mita 8 kwa kila mita 100, au 10 pale ardhi inapokubana kweli.

Sasa upana. Chukua lori pana kuliko yote yatakayopita hapo, zidisha kwa 3 hadi 3.5, huo ndio upana wa barabara ya kupishana. Lori la mita 6 linataka mita 18 hadi 21. Ukingoni, upande wa bonde, weka tuta la usalama ambalo kimo chake hakipungui nusu ya gurudumu la lori hilo kubwa. Sisemi gurudumu la gari la msimamizi. Tuta fupi linampa dereva moyo tu, lori halilizuii.

Vigingi vimeshapigwa, miti imeondolewa, tunakuja kwenye udongo wa juu. Sogea karibu na ukingo huu uone: juu kuna tabaka jeusi lenye mizizi, chini yake rangi inabadilika ghafla. Mwendeshaji wa tingatinga aifuate hiyo rangi, asiendeshe kwa kukisia kina. Udongo huo mweusi urundikwe peke yake, mahali ambapo maji hayapiti na mashine hazigeuzii, kwa kimo kisichozidi mita 2 au 3. Rundo refu hukosa hewa ndani, na viumbe wadogo wanaoupa udongo uhai hufa. Panda nyasi juu yake, kisha simika kibao kikubwa. Rundo lisilo na kibao huonekana kama kifusi cha bure, na mtu atakuja kulichota ajazie shimo.

Tunajaza na kushindilia. Kwenye mteremko, kata ngazi kwanza ili udongo mpya ushikamane na ule wa zamani, na usizike visiki humo. Vitaoza na kuacha mapango. Mwaga tabaka la sentimita 20 hadi 30, shindilia, ndipo umwage jingine. Unyevu unaupima kwa mkono kabla maabara haijakuletea majibu. Chota udongo, ukande ngumini, fungua kiganja. Ukibaki donge, na donge likivunjika vipande viwili safi ukilibonyeza, peleka rola. Ukimwagika kama unga, boza lipite. Ukikuachia maji kiganjani, subiri jua.

Kisha tabaka la juu, la changarawe au kokoto. Hapa kuna kishawishi kikubwa: mawe ya taka kutoka shimoni yako jirani na hayalipiwi. Usiyaguse mpaka yapimwe. Mawe yanayotoka pamoja na makaa mara nyingi yana pairiti, madini ya chuma na salfa, na pairiti ikikutana na hewa na maji hutoa asidi ya salfa. Ukiyatandaza barabarani, umetandaza chanzo cha asidi kwa urefu wa kilomita zote hizo, na kila mvua itaiosha kuelekea kijitoni. Kuna na vipande vya makaa humo, ambavyo vikirundikana huweza kupata joto na kuwaka vyenyewe.

Uso wa barabara uwe na mgongo katikati, ukishuka kila upande kwa asilimia 2 hadi 4, ili maji yasilale juu. Mtaro uwe upande wa mlima. Lakini mtaro peke yake hautoshi, kwa sababu kadiri maji yanavyosafiri ndivyo yanavyopata nguvu ya kuchimba. Yatoe mtaroni mapema kwa makalavati ya kupitisha chini ya barabara, na kadiri mteremko ulivyo mkali ndivyo makalavati yanavyokaribiana. Tazama mdomo wa kalavati hili. Yaliyotoka hapa yangeangukia udongo mtupu na kuchimba korongo, ndiyo maana tumepanga mawe makubwa yanayopokea maji na kuyapunguza kasi. Kutoka hapo yanaingia bwawa la kutuliza tope kabla ya kuruhusiwa kwenda zao. Mwenye haraka huacha mawe haya kwa ajili ya siku ya mwisho, na mvua haimsubiri.

Barabara ikianza kazi, itunze. Hesabu ni hii: kwenye uso mgumu, lori hupoteza nguvu kama linapanda asilimia 2 hata mahali tambarare. Kila sentimita moja ambayo tairi linazama huongeza takriban asilimia 0.6. Tairi likizama sentimita 5, hizo ni 3 juu ya zile 2, na mwinuko wako wa asilimia 8 lori linausikia kama 13. Dizeli inayopotea hapo, greda ingeiokoa. Vumbi mwagia maji, ila kwenye miteremko mwagia kwa vipande, uache pakavu pa breki kushika.

Sasa mgodi umekwisha, tunaondoa. Anzia mwisho wa mbali na urudi nyuma kuelekea lango, la sivyo utajifungia nje ya kazi yako mwenyewe. Kwangua kokoto zote. Ng'oa makalavati na madaraja, na kijito ukirudishie upana na mwinuko wake wa asili. Kisha eskaveta ivute ule udongo uliojazwa upande wa bonde, iurudishe kwenye mkato wa upande wa mlima, mpaka mteremko ulingane na majirani zake.

Ardhi hii imekanyagwa na malori kwa miaka, mizizi haiwezi kuipenya. Ichimbue kwa meno ya tingatinga, ukifuata kontua, yaani kukata mteremko kwa usawa wa kimo kimoja, ardhi ikiwa kavu. Udongo ukiwa umelowa, meno hupita na kuacha mfuo tu, bila kupasua chochote. Katiza na vituta vya kugeuza maji. Ndipo rundo letu lenye kibao linapofanya kazi: tandaza udongo wa juu bila kuushindilia, mashine zipite mara chache kabisa. Kama unataka miti, mizizi iachiwe takriban mita 1.2 za udongo na mawe yaliyolegea. Uso uliochongwa ukanyooka unapendeza kwenye picha, ila miti haiupendi. Na mbegu za nyasi zisizidi, maana nyasi nene huusonga mche.

Funga lango kwa tuta na mawe makubwa, pikipiki zisipate njia. Baada ya hapo ni kufuatilia. Kwa makaa ya mawe, kanuni za Marekani zinamtaka mwenye mgodi awajibike kwa uoto huo miaka 5, au 10 kwenye maeneo makavu. Nenda baada ya mvua kubwa ya kwanza. Ukikuta mfereji mpya umechimbika, usikimbilie kuujaza udongo. Panda juu yake ukatafute kituta kilichopasuka, ukirekebishe hicho kwanza.