Kabla Kitabu Hakijafunguliwa

REHEMA: Karibuni tena, walimu wenzangu na wote mnaotusikiliza. Mimi ni Rehema, niko na kaka yangu Kassim. Leo tunazungumzia zile dakika za mwanzo, kabla wanafunzi hawajafungua kitabu.

KASSIM: Dada, naomba nianze kwa kukiri. Miaka yangu ya kwanza kazini nilikuwa naingia darasani, najaza ubao: maisha ya mwandishi, wahusika, dhamira, falsafa. Wananakili yote. Wakishapata hizo notsi, kitabu hawakigusi tena. Wakasome nini, na mimi nimeshawamalizia?

REHEMA: Wengi wetu ndivyo tulivyofundishwa. Mimi kilichonibadilisha ni Ngoswe.

KASSIM: Tamthiliya ya Edwin Semzaba.

REHEMA: Hiyo hiyo. Karani wa sensa anatumwa kijijini kuhesabu watu, anampenda Mazoea, binti wa mwenyeji wake, kazi inamponyoka. Sasa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, sensa wanaijua kwa jina. Ile ya Agosti 2022 walikuwa bado shule ya msingi, na aliyehojiwa nyumbani ni baba au mama. Basi nikakata karatasi nusu nusu, nikaandika dodoso la maswali sita. Mkuu wa kaya ni nani? Nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo? Nani anajua kusoma na kuandika? Mna mifugo mingapi? Nusu ya darasa makarani, nusu wenye kaya.

KASSIM: Na hukuwaambia kwamba kuna kitabu kinakuja?

REHEMA: Sikusema neno. Swali la kwanza tu, mjadala. Kijana mmoja anasema, "Kwetu tuko 22." Karani wake anamwuliza, "Mnakula chungu kimoja?" Akanyamaza. Kumbe ni nyumba ya kupanga, vyumba saba, kila chumba na jiko lake. Darasa zima wakaanza kubishana kaya ni nini. Neno hilo ningeliandika ubaoni na maana yake, kesho yake lingekuwa limefutika ubaoni na vichwani.

KASSIM: Safi sana.

REHEMA: Halafu binti mmoja akakataa katakata kutaja mbuzi wao. Anasema, "Mgeni simjui, aje anihesabie mbuzi, za nini?" Karani wake akatumia karibu dakika tano kumbembeleza. Pale wakaonja jinsi karatasi moja ya sensa inavyopatikana kwa jasho.

KASSIM: Unajua, kwamba anayelijua jambo kabla ya kulisoma huelewa zaidi, hilo lina ushahidi. Mwaka 1988 kule Marekani, watafiti wawili, Recht na Leslie, waliwapa wanafunzi kusoma habari ya mchezo wa besiboli. Waliohesabiwa dhaifu katika kusoma, lakini mchezo wanaujua, walikumbuka mengi kuliko wasomaji hodari wasioujua.

REHEMA: Na sisi tunavyowahi kusema, "Huyu mtoto mzito." Pengine jambo lenyewe hajawahi kukutana nalo popote! Hilo linaniuma, kaka.

KASSIM: Ila mwalimu anayetusikiliza atasema, mimi nina vitabu vinane, wanafunzi 60.

REHEMA: Huyo ndiye ninayemtaka hasa. Dodoso halihitaji kitabu hata kimoja. Vile vinane vikija kugawanywa, wanavigombania. Angalizo langu moja tu: kipindi kimoja kinatosha. Ukikaa wiki nzima kwenye maandalizi, umeshaua hamu uliyoiwasha.

KASSIM: Na kutabiri kwa kutazama jalada na jina la kitabu? Mimi mbinu hiyo naipenda.

REHEMA: Kunafaa, mradi utabiri waandike na baadaye warudi kuupima. Ukiishia mdomoni, unapotea.

KASSIM: Zile karatasi za sensa uliwarudishia?

REHEMA: Nilizifunga kwa raba nikaziweka kabatini. Wiki tatu baadaye tukafika pale Mzee Mitomingi, baba yake Mazoea, anapozichoma karatasi za Ngoswe, yule karani. Tulikuwa tunasoma kwa sauti, kwa zamu. Yule binti wa mbuzi akaacha kusoma katikati ya sentensi, akainua kichwa, akaniuliza, "Mwalimu, na zetu ziko wapi?"