Tumbo Lilikatwa, Mkono Haukukatwa

Shikamooni wazee. Wengine wote, habari za asubuhi. Nimepewa dakika 20, na mratibu amekaa mstari wa mbele na saa yake mkononi, kwa hiyo sitazunguka sana. Mimi nimefundisha sayansikimu sekondari miaka 26. Mkinisikia nawauliza maswali kama kidato cha pili, ni mazoea tu, mnivumilie. Si daktari. Daktari ameshazungumza, ameeleza tumbo linavyokatwa na kushonwa ili mtu apungue uzito, na ameeleza vizuri. Mimi nimekuja kusema yanayoanza siku unaporudi nyumbani, mlango unafunguliwa, na jikoni kunanukia tui la nazi.

Nina bilauri hapa, tupu, na kijiko cha mezani. Natia maji. Kijiko kimoja. Cha pili. Basi. Hayo ni mililita 30. Mliokaa nyuma mnaona kitu? Hamwoni. Huo ndio ukubwa wa mfuko niliobakiwa nao mimi miaka 4 iliyopita. Sehemu ndogo ya juu ya tumbo ilitengwa, ikaunganishwa na utumbo mwembamba kule mbele, chakula kikawa kinaruka kipande cha mwanzo. Wengine humu hamkuunganishwa upya: mmeondolewa kama robo tatu ya tumbo au zaidi, likabaki na umbo la ndizi. Na wapo waliowekewa puto tumboni pale hospitali ya Mloganzila. Wao hawajakatwa kitu, na puto lenyewe hutolewa baada ya miezi, lakini mengi ya leo yatawagusa.

Sasa niambieni. Tonge la ugali, la mtu mzima aliyetoka kazini, linaenea humu? (Kicheko.)

Mnacheka. Mimi nilijaribu.

Ilikuwa wiki ya saba, Tanga, kwa kaka yangu mkubwa. Nilikuwa nimeshapita hatua za mwanzo bila matatizo, nikajiona nimefuzu. Wifi akasonga ugali, akaleta na mchuzi wa samaki changu. Mkono wangu ukafanya kazi yake. Ukamega, ukafinyanga, kidole gumba kikabonyeza kidimbwi, nikachota mchuzi, nikameza. Sikufikiri chochote. Mkono ndio uliofikiri.

Lile tonge lilikwama hapa, nyuma ya mfupa wa kifua. Hukabwi, maana unapumua vizuri tu, lakini ni kama mtu amekuwekea ngumi ndani na anaizungusha polepole. Mate yakajaa mdomoni, mazito, yenye povu. Nikatoka nje nikashika ukuta wa bafu. Wifi akaja mbio na maji, na maji ndiyo kitu cha mwisho unachopaswa kunywa wakati ule, hayana pa kupita. Jirani mmoja akasema nimetupiwa jicho. Nilikaa pale kama nusu saa mpaka likarudi lilikotoka.

Nikiwa nimeshika ule ukuta ndipo nilipoelewa jambo ambalo karatasi ya hospitali haikuniambia: sisi ugali hatutafuni. Tunameza. Mtoto wa miaka mitatu anafundishwa kufinyanga, anafundishwa kuchovya, na akikaa anatafuna tonge anachekwa. Ile karatasi niliyopewa hospitalini India ilisema nitafune kila kipande mara 20 mpaka 30, na mimi niliisoma, nikaitikia, nikaelewa kuwa inazungumzia nyama. Ilitaja jibini, oti na dengu. Dengu tu ndiyo niliyokuwa nayo jikoni. Ugali haukuwemo, kwa hiyo hakuna aliyeniambia kwamba chakula kilaini kuliko vyote mezani kwangu ndicho kitakachonikwamisha. Daktari alikata tumbo. Mkono haukukatwa, na mkono una miaka 50 na ushei wa mazoea.

Sikuacha ugali. Watu huniuliza hivyo kila mara, kwa huruma, kama wanauliza habari za marehemu. Ninakula, lakini mwisho, na kwa uma mdogo wa kulia keki. Uma ule haufinyangi. Ndiyo siri yote.

Hatua za mwanzo nitazipita haraka, kwa sababu kila hospitali ina ratiba yake, na ratiba yako ndiyo ya kufuata, si yangu. Kwa kawaida unaanza na maji na supu iliyochujwa, tena kwa kijiko. Halafu maziwa, mtindi, uji mwepesi. Kuanzia kama wiki ya tatu ni vilivyopondwa: dengu, yai, samaki asiye na mwiba hata mmoja. Baadaye vilaini, na kwenye mwezi wa pili unaelekea chakula cha kawaida. Neno langu moja tu hapo ni la uji wa lishe. Kila mgeni atakuja na chupa ya uji wa lishe, umetiwa sukari, umetiwa siagi ya karanga, kwa mapenzi mema kabisa. Mshukuru, mpe mtoto. Uji mtamu unateleza. Haukai, haushibishi, na siku za usoni ndio utakaokurudishia kilo zako, wenyewe pamoja na soda na juisi ya miwa. Nimewaona watu wawili walionenepa tena kwa vitu vya kunywa tu, hawakuwa wakila hata chapati.

Cha kutafuta ni protini. Wengi wetu tunaambiwa gramu 60 mpaka 80 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6. Haya, kidato cha pili, pigeni hesabu: mayai 10 kwa siku, kwenye tumbo la vijiko viwili! Haiwezekani. Mimi aliyeniokoa ni dagaa. Dagaa mkavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Ukate vichwa, uoshe mchanga mara tatu, mchanga ule si mchezo, uwakaange bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, kisha uwatwange au uwasage, uchekeche. Ule unga unanyunyiza kijiko kwenye dengu, kwenye mchuzi, kwenye mchicha uliopondwa. Harufu? Ndiyo, ipo. Ndimu.

Na protini huliwa kwanza. Kitoweo, halafu mboga, wanga ikibaki nafasi. Sentensi hiyo ni nyepesi sana kuisema, na kwetu ni kashfa. Nyinyi mmelelewa kama mimi. Mtoto anayeanza na samaki anapigwa kibao cha mkono: "Kula ugali, usidokoe kitoweo!" Mtu mzima kwenye sinia ya watu sita, akaja akala nyama tu na wali akauacha, huyo hataalikwa tena. Sasa mimi ndiye niliyeambiwa nifanye hivyohivyo, maisha yangu yote yaliyobaki.

Nikaanza kula peke yangu, kwenye kisahani cha chai, saa zangu, milo mitano midogo. Nikaona nimetatua. Siku moja mume wangu, tumekula sinia moja miaka 31, akasema bila hata kuninyanyulia macho: "Siku hizi nakula kama mgeni ndani ya nyumba yangu." Alikuwa na wali mbele yake upande mmoja wa sinia, na upande wangu ulikuwa mtupu, ameuacha vilevile. Hakuuvuka.

Mwajua tulichofanya? Kisahani changu sasa kinakaa ndani ya sinia, upande wangu. Yeye anakula pembeni yake, mimi nakula kwenye kisahani, mikono inakwenda mahali pamoja. Yeye akimaliza mimi bado natafuna, basi ananisubiri, ananisimulia habari za baraza. Mlo wangu ni dakika 20 mpaka 30, na sijawahi kuzungumza na mume wangu dakika 30 mfululizo tangu mwaka tuliooana. (Kicheko.) Kwa hiyo nyie wenye wagonjwa nyumbani, msiwatengee meza.

Maji. Usinywe ukila, na ukimaliza ngoja nusu saa. Lita moja na nusu au zaidi kwa siku, kwa funda ndogo ndogo. Chupa inakuwa kama simu, inakwenda na wewe mpaka chooni.

Sukari nayo. Mwaka wa kwanza, Ramadhani, sikufunga. Daktari alinikataza na nikalipa baadaye. Lakini futari nilikwenda, jirani alinialika. Nikala kaimati tatu, zimelowa shira. Tatu tu. Kabla ya nusu saa nguo imelowa jasho, moyo unakimbia, tumbo linakata, nikakimbilia msalani nyumba ya watu. Sukari ile inamwagika kwenye utumbo yote kwa mkupuo, utumbo unavuta maji, mwili unapata taharuki. Na kuna ya pili inayokuja kimyakimya saa moja mpaka tatu baadaye: mwili umemwaga insulini nyingi, sukari ya damu inashuka, unatetemeka, unaona kiza. Ile ya mwanzo unajua umekosea nini. Kwa hii ya pili unaweza ukaanguka barabarani na usikumbuke hata kaimati. Kwa wenye kisukari waliokuwa wakitumia dawa kabla ya upasuaji, dozi inapaswa kupangwa upya na daktari, maana sukari huanza kushuka mapema sana, hata kabla uzito haujapungua wa maana. Anayetaka kufunga aende kwa daktari wake kabla mwezi haujaandama, si siku ya pili ya mfungo.

Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha. Narudia kwa sababu najua mtakachofanya: mtavinywa mwaka mmoja, mtajisikia vizuri, mtaacha. Vitamini B12 mwili unaiweka akiba ya miaka, kwa hiyo ukiacha leo huoni kitu. Ganzi ya miguu inakuja wakati umeshasahau kwamba uliwahi kupasuliwa. Madini ya chuma usinywe na chai, chai inayazuia. Na usiyanywe pamoja na kalisi, achanisha angalau saa mbili. Mimi chuma usiku, kalisi asubuhi na mchana. Na mtu anayetapika siku baada ya siku asisubiri kliniki ya mwezi ujao. Vitamini B1 inaisha haraka, na ubongo ndio unaolipa.

Lingine la duka la dawa. Mgongo ukiuma tunakwenda dirishani: "Nipe diklofenaki." Sisi tuliounganishwa upya, diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao huchimba kidonda pale kwenye mshono. Panado ndiyo yetu. Mwambie muuzaji umepasuliwa tumbo, asipoelewa, ondoka.

Mabinti mliomo humu: nywele zitakatika kati ya mwezi wa tatu na wa sita, zitarudi. Na uzazi unaamka. Aliyehangaika miaka anaweza kushika mimba ghafla, na vidonge vya uzazi wa mpango si vya kutegemea baada ya kuunganishwa utumbo. Mnashauriwa msubiri mwaka mpaka mwaka na nusu. Ulizeni njia nyingine mapema, kabla ya kupasuliwa.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyeniandaa nalo. Kukonda.

Mimi nilianza kazi Bukoba mwaka 1990. Vijana hamjui. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa, mwaka 1983, na wakati ule kule ugonjwa uliitwa Juliana, ng'ambo ya mpaka Uganda wakiuita Slim, kwa sababu ya kukonda. Nilizika walimu wenzangu. Kwa hiyo mtu wa rika langu akikwambia "mwalimu, umekonda," hakupi hongera. Anakuaga.

Miezi sita baada ya upasuaji nilikuwa nimepungua kilo 34. Gauni zinapwaya, shingo imetoka, nywele ndiyo zile zinakatika. Sokoni muuza nazi wangu, ananiuzia tangu watoto wadogo, akanirudishia chenji zaidi. Nikamrudishia. Akasema, "Kanunulie dawa, mama." Kwenye msiba mmoja nikasikia wanawake nyuma yangu wanahesabu nani atawalea wajukuu zangu.

Nilikuwa nimeamua kuificha siri. Niliona aibu, kwamba watu watasema nimeshindwa kufunga mdomo wangu mpaka nikalipia kisu. Basi nikabaki na aibu mbili, ya kweli na ya kuzushiwa. Nikaamua kuitoa moja. Kesho yake nikarudi kwa muuza nazi nikamwambia: nilipasuliwa, tumbo langu limefanywa dogo, kisukari kimeniachia, naweza kupanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu. Akanitazama kwa muda. Akauliza, "Sasa nazi bado unakula?" Nikamwambia kidogo. Akasema, "Basi mimi ndiye niliyeumia." (Kicheko.) Kwa jioni moja soko zima lilijua, na mwezi ule ule wanawake watatu wakaja nyumbani kuniuliza ilikuwaje. Wawili kati yao wamo humu ndani, na sitawataja, wanajijua.

Sisemi kila mtu aseme. Kuna kazi na kuna ndoa ambazo siri inalinda. Ila pangeni jibu kabla ya mwezi wa tatu, kwa sababu swali litakuja, na litakuja mbele za watu.

Mratibu ananionyesha saa. Ni saa sita na robo, na kwangu ni wakati wa mlo. Nina yai langu la kuchemsha hapa mkobani na vipande vinne vya papai. Mnaweza kuanza maswali. Mimi nitajibu, ila kila jibu mtalisubiri nimalize kutafuna.