Anapofunga Mlango ni Mtu Unayemjua

Wanangu, ukiambiwa jihadhari na mbakaji, unamuona nani? Mtu baki, usiku, kichochoro hakina taa. Kwa huyo mmejiandaa: mnatembea wawili wawili, mnapigiana simu mkifika. Lakini Mary Koss na wenzake, walipochapisha utafiti wao wa vyuo vya Marekani mwaka 1987, walikuta kwamba kati ya wanafunzi waliobakwa, asilimia 84 walimfahamu aliyewabaka.

Umekwenda chumbani kwa mwanafunzi mwenzako kuazima daftari. Umekaa ukingoni mwa kitanda, kiti hakuna. Ufunguo unageuka. Moyo unashtuka, na hapohapo akili inaanza kumtetea: labda ndivyo alivyozoea, labda anaogopa wezi, nikiuliza ataona namdhania vibaya. Anasogea, unajivuta, unacheka kidogo. Kicheko hicho si ridhaa. Ni malezi, hata mimi nililelewa hivyohivyo, nisimuaibishe mtu. Mtu baki tungempigia kelele, huyu tunamtafutia neno lisilomuudhi, na dakika zinakwisha.

Wengine watauliza, mbona hakupiga kelele? Naumia kila ninaposikia swali hilo. Huko Stockholm waliulizwa wanawake 298 waliofika kliniki baada ya kubakwa. Utafiti ulitoka mwaka 2017: asilimia 70 mwili uliwaganda wakati wa tukio. Aliyeganda hakukubali, na kosa lote ni la aliyembaka.

Lakini kile kishindo cha moyo mtu anaweza kufundishwa kukisikiliza. Nchini Kanada, Charlene Senn na wenzake waliwapa wanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza mafunzo ya saa 12: kutambua hatari kwa mtu unayemjua, kukataa bila kuomba radhi, kujinasua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya mwaka mmoja, waliobakwa walikuwa asilimia 5.2 kwa waliofundishwa, na 9.8 kwa waliopewa vipeperushi tu. Karibu nusu!

Ikikutokea, usioge, usifue nguo, wahi hospitali. Dawa za kuzuia VVU huanza kabla saa 72 hazijapita. Polisi kuna Dawati la Jinsia. Nenda na mtu unayemwamini.

Haya, simameni wawili wawili. Mmoja ashike mlango, mwingine amtazame usoni aseme, "Fungua." Bila "samahani", bila kucheka. Wewe wa nyuma, sijakusikia. Rudia.